Udongo wa Recheli

Asubuhi ya kumzika Janeti, mwanawe Recheli aliamka shavu la kushoto limejaa kama aliyeficha andazi mdomoni. Bibi yake, Advera, alimpapasa polepole. Uvimbe ulianzia chini ya sikio, ukafunika pembe ya taya, na mwili ulikuwa wa moto. Alipompa uji wa ukwaju, mtoto alishika shavu akapiga yowe. Bibi akajua: matubwitubwi.

Alimpa dawa ya homa, akamtengea kikombe chake na kufunga mlango. Uani watu walikuwa wamejaa, watoto tele, na wajawazito wakimenya viazi.

"Shemeji, mtoto amevimba kwa kulia tu," alisema Leopoldi, mdogo wa marehemu mumewe. "Mpake masizi, twende. Asipomtupia mama yake udongo, atamtafuta maisha yake yote."

"Ugonjwa huu unaambukiza, Leopoldi. Hatoki."

"Basi mwache, uje wewe. Mzazi unakosaje kumzika mwanao?"

Bibi Advera aligeukia mlango. Janeti alikuwa mwanawe wa pekee. Aliporudi ndani kuchukua kanga yake nyeusi, Recheli aliushika upindo.

"Bibi, na wewe unaondoka?"

Akaikunja kanga, akairudisha sandukuni.

"Siondoki."

Martha, jirani yao, ndiye aliyebisha hodi. "Mama Janeti, mimi niliyaugua utotoni, siyaogopi." Alikuwa amechota udongo wa uani kwenye bakuli. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akatandaza upindo wa kanga yake. "Haya, mwanangu. Nipe wako nimfikishie mama."

Recheli akachota kwa mkono wake, akaumimina taratibu, asimwage hata chembe. Martha akafunga fundo. Kisha akatandaza upindo wa pili.

"Na wako, mama."

Bibi Advera alichota, lakini kiganja kilikataa kufunguka. Martha hakumhimiza. Aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akangoja, mpaka vidole vikalegea kimoja kimoja.

Nje jeneza likanyanyuliwa. Mtani wao mmoja Mzaramo akapaza sauti kuwatania, kama ilivyo desturi ya watani msibani: "Enyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, leo mnayumba na binti mmoja?" Watu wakacheka, na kicheko kikakatikia katika kilio. Wimbo ukashika njia ya makaburini, ukafifia nyuma ya miombo.

Bibi Advera alikamua kitambaa kilicholowekwa maji baridi, akakiweka shavuni pa mjukuu wake. Midomo ya Recheli ilikuwa inatetemeka.

"Bibi, nikilia taya linauma."

"Basi usilie, mama. Lala hapa kifuani, nikulilie mimi."