Mikono Nyuma

Baba yangu alikuwa fundi wa vyerehani, na maisha yake yote ameamini jambo moja: kitu kinacholia kinataka mafuta. Bawaba ikilia, mafuta. Kufuli likikaza, mafuta. Tangu alipohamia kwangu, baada ya macho yake kuanza kufifia, hakuna mlango hata mmoja wa nyumba hii unaotoa sauti. Uko jikoni unakatakata vitunguu, mara unageuka, baba huyo hapo nyuma yako kama jini. Roho inakuruka. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nikikiona kile kikopo chake cha mafuta chenye mdomo mrefu, damu inanichemka upya.

Mimi natengeneza shanga za kioo. Nachukua kijiti cha kioo, nakiingiza motoni kinalainika kama asali, nakizungusha kwenye waya wa chuma mpaka kinakuwa ushanga, kisha nauweka kwenye tanuri dogo upoe polepole usije ukapasuka. Moto wa jiko hautoshi kwa kazi hii. Inahitajika gesi ya kupikia ichanganywe na oksijeni, kila moja na mtungi wake, kila moja na mpira wake, zikutane kwenye kichomeo kilichofungwa imara mezani. Kazi hii ndiyo iliyonijengea chumba cha uani, ndiyo iliyomsomesha binti yangu, na ndiyo inayomnunulia baba hayo mafuta yake.

Yeye anaiita "michezo yako ya moto." Mgeni akija na kuuliza mwanao anafanya kazi gani, baba hujibu, "Yuko nyuma huko, anachezea moto." Nikimsikia nasaga meno.

Kwani aliyeninyima kazi ya maana ni nani? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasimama kwenye mlango wa karakana yake nikimtazama anavyofungua tumbo la cherehani, visikurubu vimepangwa juu ya kitambaa kwa utaratibu wake. Nikisogea tu, hata bila kugusa, anasema bila kuinua kichwa: "Mikono nyuma!" Naiweka nyuma. Nikizidi kusogea ananirudisha mlangoni. Kaka yangu, ambaye mikono yake ilikuwa michafu kuliko yangu kwa sababu alikuwa anashinda kwenye matope, yeye alipewa bisibisi. Alipewa na kiti. Akajifunza nusunusu, akachoka, na baba alipozeeka akaviuza vyerehani vyote akafungua duka la simu. Mimi nilibaki na mikono yangu nyuma.

Basi, siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya binti yangu kuwasha moto peke yake kwa mara ya kwanza. Nimemfundisha kwa ukali, sifichi. Moto haujui mtoto wa fulani. Anayewasha kichomeo kwa kubahatisha atajikuta siku moja hana nyusi, na hapo awe na bahati.

"Nikutajie hatua?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Wewe kaa. Nafanya na kutaja mwenyewe."

Nikakaa. Ni vigumu kukaa, nawaambia.

Alifunga nywele nyuma, akavaa shati la pamba na miwani ya kazi. Alifungua madirisha, akawasha feni ya kutoa hewa. "Gesi ikivuja haipandi juu," alisema, "inatambaa chini, inakusanyika miguuni inangoja cheche." Alitazama kama mtungi wa kuzimia moto upo mahali pake. Akahakikisha vali zote mbili za kichomeo zimefungwa. Kisha akafika kwenye hatua ambayo watu wengi huiruka, nami nimemkatalia asiiruke hata siku moja: macho na pua kabla ya mkono. Kabla hujafungua mtungi wowote, unakagua viungo vyake kwa macho, unainama unavinusa. Maji ya sabuni yanakuja baadaye, presha ikishaingia.

Mtungi wa gesi ulikuwa sawa. Akainama kwenye ule mrefu wa oksijeni, mkono wake ukiwa umeshatangulia kwenye kishikio. Akabaki ameinama.

"Mama."

"Nini tena?"

"Hapa pananukia babu."

Nilicheka. Halafu nikaelewa. Niliinuka nikaenda kutazama. Ile nati inayoshikilia regulata, kile kifaa cha kupunguza presha, kwenye mtungi ilikuwa inang'aa, safi, na kwenye hesi zake, ile mikato ya kukazia, kulikuwa na utepe mwembamba wa mafuta ya cherehani. Kazi nzuri kabisa. Kazi ya fundi.

"Toa mkono," nilisema. "Taratibu. Rudi nyuma."

Najua atakuwepo mtu wa kusema: mafuta tu? Ndiyo, mafuta tu. Oksijeni iliyobanwa kwenye mtungi ikitoka kwa nguvu yake na kukuta mafuta, haihitaji kiberiti. Inayawasha yenyewe, na ile regulata inageuka bomu mbele ya uso wa aliyefungua. Uso wenyewe ulikuwa wa mwanangu. Kama angekuwa na mafua asubuhi ile, angefungua.

Nilimkuta baba uani amechuchumaa, anatia mafuta gurudumu la toroli la jirani.

"Baba, umegusa mtungi wangu?"

"Upi?"

"Ule mrefu. Wa oksijeni."

"Aa, ule!" Uso ukamchangamka. "Jana yule bwana aliyeuleta alipokuwa anakaza nati, ililia mpaka meno yakaniuma. Ulipoenda sokoni nikaifungua, nikaipa tone, nikaikaza vizuri. Haitakusumbua tena."

Akatabasamu. Alikuwa anangoja ahsante.

Sikumpa ahsante. Nilimfokea baba yangu mzazi mpaka sauti ikakatika, na majirani wakaacha kufua. "Unataka kuniulia mtoto? Nimekuachia nyumba nzima! Milango yote, makufuli yote, mpaka kitanda changu umekitia mafuta sikusema kitu! Chumba kimoja tu, baba, kimoja! Nani alikuambia uguse?"

"Ilikuwa inalia," alisema kwa sauti ndogo.

"Na ingelia! Ile nati haipakwi kitu, inakaa kavu, ndivyo ilivyo! Mimi uliniweka mikono nyuma utoto wangu wote. Yako leo imefikaje mbele?"

Alichukua kitambaa akafuta mdomo wa kikopo, akafuta tena, ingawa ulishakuwa mkavu. Ningekuwa mtu mwema ningeishia pale. Sikuishia. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa, na kila neno nililitaka.

Habari mbaya haina miguu lakini inakimbia. Saa sita haijafika, kaka yangu akaingia getini, shati limepigwa pasi, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Nyumbani tunamwita Bosi tangu utotoni, na mwenyewe amekubali.

"Nasikia umemtukana mzee," alisema, hata salamu hakuna.

"Sikumtukana. Nimemfokea."

"Tofauti yake nini? Mzazi hafokewi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiposikia, linavunjika guu la nani?"

"Unaona? Ndiyo mdomo wako huo. Hasira hasara, dada yangu. Kamwombe baba radhi, yaishe."

Nilijaribu kumweleza. Mungu ni shahidi, nilijaribu kwa upole, mara moja. Nikamweleza oksijeni ni nini, mafuta yanafanya nini, nikamwonyesha ile nati kutokea mlangoni. Binti yangu naye akaongeza, "Ni kweli, mjomba, ni hatari." Bosi akasikiliza huku anatazama simu.

"Tone moja la mafuta," alisema. "Tone! Vyerehani vyote alivyovitia mafuta mzee, kipi kililipuka?"

"Cherehani hakina oksijeni!"

"Hewa yote hii ina oksijeni. Mbona sisi hatulipuki?"

Jamani. Mtu aliyeshindwa kufunga sindano ya cherehani ananifundisha mimi oksijeni. Nilihisi masikio yanawaka.

"Nitakifungua mwenyewe hicho kidude chako," alisema, "uone aibu. Halafu utamwomba mzee radhi mbele yangu." Akaingia ndani.

Nilimrukia, nikamshika shati kwa nyuma. Bosi ni mtu mzito. Alinikokota kama mkoba. Binti yangu alikuwa anapiga kelele, "Mjomba, acha! Mjomba!" na mimi nilikuwa napiga kelele kwa wote wawili, kwamba binti atoke nje na kaka asimame, na hakuna aliyekuwa ananisikia. Mkono wa kaka yangu ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye kishikio.

Hatukusikia mlango wa nyuma, ule unaotokea chumbani kwa baba. Tungeusikiaje? Mara baba alikuwa pale, katikati ya Bosi na mtungi, mgongo wake umeuelekea mtungi.

"Toka," alisema.

"Baba, mimi nakutetea wewe!"

"Mwenye chumba amesema hapana. Toka."

"Lakini si wewe mwenyewe uliyetia mafuta?"

"Nimetia. Nimekosea. Unataka kunisaidia kukosea mara ya pili?"

Bosi akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kushika, na mkono wake ukapita begani kwa mzee kuelekea juu ya mtungi. Hapo baba akaitoa ile sauti. Nilikuwa nimeisahau. Sauti kavu ya karakanani, isiyopanda wala kushuka.

"Mikono nyuma!"

Kaka yangu hakuwahi kuambiwa neno lile maishani mwake. Alikuwa na kitambi, alikuwa na duka, alikuwa na watoto watatu. Akaiweka mikono nyuma. Funguo za gari zilisikika zikigongana huko mgongoni kwake. Akasimama hivyo kidogo, kisha akatoka, na gari lake likaondoka kwa kishindo.

Mnadhani hapo tulikumbatiana? Hatukukumbatiana. Baba alirudi chumbani kwake kimya kama alivyokuja. Mimi niliita wauza oksijeni waje wauchukue mtungi, nikawaambia wazi umeingia mafuta na kwamba asiufungue mtu. Regulata ile niliitoa kazini moja kwa moja. Kitu kama kile hakifutwi kwa kitambaa ukajidanganya kimepona. Nilipokuwa nangoja nyingine sikumsemesha mzee zaidi ya shikamoo na chakula tayari. Kila nikimwangalia binti yangu anakunywa chai, uso wake mzima, nyusi zote mbili zipo, hasira ilikuwa inanipanda tena kutoka miguuni.

Siku tuliyofunga regulata mpya, nilimwona baba bombani. Ananawa. Akamaliza, akaanza tena, kwa sabuni ya kufulia, kwa jivu, akisugua kucha kwa brashi ya viatu. Kisha akaja mlangoni kwangu akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa shuleni.

"Nusa," alisema.

Nikanusa. Sabuni, jivu, na chini yake, ndani kabisa ya ile mipasuko ya vidole, cherehani.

"Bado," nilisema.

"Nimesugua mpaka ngozi imetoka."

"Naona. Bado, baba. Hayo mafuta yamekaa humo tangu kabla mimi sijazaliwa. Hii mikono haitagusa kitu humu ndani. Si leo, si kesho."

Nilimwambia hivyo machoni pake. Ulikuwa ukweli, na sikuupaka sukari. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Ndani, binti yangu alikuwa ameshaanza. Nywele. Miwani. Madirisha. Macho na pua, na safari hii alinusa mpaka nikadhani atalala pale. Akafungua gesi. Akasimama pembeni ya mtungi wa oksijeni, uso mbali na regulata, akaufungua taratibu mno. Akapaka maji ya sabuni kwenye viungo, akangoja. Hakuna povu lililovimba. Kwenye kichomeo akaanza na gesi, kidogo tu, akapiga cheche, na moto ukaja wa njano, mlegevu, unaoyumba. Kisha oksijeni, kwa ncha za vidole. Moto ukajikusanya, ukawa wa buluu, ukaanza kuvuma.

"Na kuzima?" niliuliza, maana sijui kunyamaza.

"Oksijeni kwanza, gesi baadaye, mitungi mwisho. Mama, niache nifanye kazi."

Niligeuka. Baba alikuwa bado mlangoni, nje ya kizingiti, amenyoosha shingo ajaribu kuuona moto kwa yale macho yake yaliyofifia. Mikono ameiweka nyuma. Hakuna aliyemwambia. Alisimama vilevile nilivyokuwa nasimama mimi, mguu mmoja umepanda juu ya mwingine, na mimi nilisimama hivyo miaka, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia nisogee.

Hasira yangu ilikuwa bado ipo. Nilijipapasa ndani nikaikuta yote.

"Sogea basi," nilimwambia. "Kidogo."

Akavuka kizingiti.

"Na mikono?" aliuliza.

"Nyuma."