Sauti Ndani ya Kuba la Pisa

Tullio, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na miaka sita na nusu, na hiyo nusu hakukubali mtu aiache. Dada yake Nives alikuwa na mitatu. Mimi sina watoto. Nafanya kazi kwenye ghala la glasi hapa Empoli, nazikagua kabla hazijafungwa: naigonga glasi kwa ukucha, nasikiliza. Nzima inalia muda mrefu, yenye ufa inanyamaza papo hapo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu kaka na mkewe walikuwa kazini wote wawili, nikasema nitawachukua watoto twende Pisa, tushinde huko turudi jioni. Tena nikaongeza, bila hata kufikiri, kwamba Tullio nitampandisha juu ya ule mnara wa huko ulioinama.

Ndani ya treni aliniuliza kuna ngazi ngapi.

"Karibu mia tatu."

"Nitazihesabu zote. Wewe utachoka, shangazi. Utabaki katikati umekaa."

"Nikikaa utanivuta."

"Sikuvuti. Wewe mzito."

Nives yeye alikuwa na tabia yake. Akifurahi, huchagua sauti moja na kuishikilia mpaka pumzi imwishie. Si wimbo, si kilio, ni "aaa" moja nyembamba inayopenya kwenye meno. Siku hiyo alifurahi kila tulipopita daraja. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti mbele yetu alilishusha.

"Bibi, huyu king'ora chake kinazimwa wapi?"

"Hata mama yake anatafuta, mzee."

Akacheka kidogo, akahamia behewa la pili.

Tulifika kwenye uwanja wa majani saa nne hivi, tukapanga foleni ya mnara. Binti aliyekuwa mlangoni alimtazama Tullio kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita na nusu," Tullio akajibu mwenyewe, kifua mbele.

"Pole, kaka. Chini ya minane hapandi mtu."

"Hata nikimshika mkono?" nikauliza.

"Hata ukimbeba mgongoni, mama."

Nilitegemea atalia. Hakulia. Alitoka kwenye foleni, akaenda kukaa kwenye majani, akaupa mnara mgongo. Nikamfuata na kigari cha Nives.

"Wewe ulisema," akaniambia.

"Nilisema."

"Ulikuwa hujui?"

"Sikujua. Niliahidi kabla sijauliza. Kosa ni langu, Tullio."

Kila upande watu walikuwa wamenyoosha mikono hewani wapigwe picha, kama vile wanauzuia mnara usianguke. Aliwatazama kwa muda.

"Wauache tu uanguke," akasema.

Mvua ndiyo iliyotuondoa pale. Ilishuka ghafla, nami nikakimbilia mlango uliokuwa karibu, wa lile jengo la mviringo la ubatizo. Nimefika Pisa labda mara kumi maishani mwangu, na mara zote kumi nilipita mbele ya jengo hilo nikielekea kwingine. Nilikata tiketi kwa sababu ya mvua tu.

Ndani ni jiwe tupu. Nguzo, birika kubwa la ubatizo katikati, na juu kabisa kuba, kijivu, mbali sana. Tullio alizunguka mara moja na kurudi.

"Humu hamna kitu," akasema.

Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wametoroka mvua kama sisi. Baada ya muda akaja mlinzi, mwanamume mfupi mwenye tumbo na funguo kiunoni, akafunga mlango mkubwa. Akainua mkono, akatuomba tukae kimya. Nives alikuwa ameshashuka kwenye kigari; haraka nikampa biskuti.

Mlinzi akasimama karibu na birika. Akasafisha koo. Akaimba sauti moja, ya kawaida tu, kama mtu anayejaribu sauti yake asubuhi, kisha akafunga mdomo.

Sauti haikukoma. Ilipanda, ikazunguka kule juu, ikawa kubwa kuliko ilivyotoka kifuani mwake. Akaimba ya pili juu yake, halafu ya tatu, na zote tatu zikakaa hewani pamoja, wakati yeye amesimama mdomo umefumbwa, mikono nyuma. Juu yetu kulikuwa na watu wanaoimba na hawakuwepo.

"Wengine wako wapi?" Tullio akaninong'oneza. Alikuwa akiwatafuta kwenye roshani ya juu.

"Hakuna wengine. Ni yeye peke yake."

"Mwongo."

Glasi bora niliyowahi kuishika ililia mpaka hesabu ya sita. Pale nilihesabu mpaka kumi na mbili, nikapoteza hesabu, kwa sababu nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama.

Ndipo biskuti ikaanguka. Nikamwona Nives anajaza kifua. Nilipeleka mkono mdomoni kwake, nikachelewa.

"Aaa."

Watu wakageuka. Uso wangu uliwaka moto. Lakini ile sauti iliyokuwa ikitutoboa masikio ndani ya treni ilifika juu, na lile jiwe likaichukua, likaiondoa makali, likaturudishia ikiwa laini na pana, imejaa kila pembe. Nives mwenyewe alinyamaza kwa woga. Sauti yake ilikuwa inaendelea bila yeye. Akajificha ndani ya koti langu.

Nilikuwa naandaa maneno ya kuomba radhi. Mlinzi hakunitazama. Aliinamisha kichwa upande, akaisikiliza sauti ya Nives hadi alipoipata barabara, kisha akaimba chini yake, taratibu, sauti nzito iliyoibeba ile nyembamba. Halafu akamnyooshea Nives mkono, kama anayemkaribisha mezani.

Nives akanitazama. "Tena?"

"Tena," nikamwambia.

Akaimba tena, na safari hii hakujificha. Mlinzi akaweka yake chini, kisha nyingine katikati, na mtoto wa miaka mitatu mwenye makombo ya biskuti kidevuni akasimama kichwa juu, akitazama kitu alichokifanya. Mwanamke mmoja mbele yetu alivua kofia. Mkono wa Tullio ukaingia kwenye wangu, mara ya kwanza tangu foleni.

Mlango ulipofunguliwa, mlinzi akatujia.

"Anaitwa nani huyu?"

"Nives."

"Miaka ishirini na mbili niko humu. Watoto wanapiga kelele kila siku. Kushika sauti moja isitikisike, huyu ndiye wa kwanza."

"Na mimi je?" Tullio akauliza. "Naweza na mimi?"

Mlinzi akamtazama kwa makini, bila kucheka. "Naimba kila nusu saa. Subiri kama unataka."

Tukasubiri. Tullio alikaa chini ya nguzo. Nusu saa ilipofika, mlango ukafungwa, mlinzi akaimba zake, akampa ishara. Sauti ya Tullio ilitoka ndogo, ikakatika katikati, akaianza upya. Kuba likaipokea vilevile. Ikapanda, ikazunguka, ikaanza kufifia, na watu wakaanza kuokota miavuli yao.

"Bado," Tullio akasema, kidole juu. "Bado ipo."

Nilisikiliza. Mimi, ninayelipwa kwa masikio yangu, sikusikia kitu. Mlinzi alichuchumaa kando yake, naye akatega sikio, funguo amezibana mkononi zisilie. Watu wakaiacha miavuli. Hakuna aliyekohoa. Tulisimama hivyo sote, wageni kwa wenyeji, tukimsubiri mtoto wa miaka sita na nusu atuambie.

"Sasa imekwisha," akasema.

Mlinzi akainuka, akaenda kufungua mlango.