Alama ya Panga

Ng'ombe wa tatu alikufa Alhamisi, na safari hii Kaka hakusema hata pole. Alikuja kutoka karakana yake ya magari akiwa bado na ovaroli mwilini, akasimama mlangoni mwa jiko, akamwangalia dada yake aliyekuwa anasuuza ndoo za maziwa, akamwambia kwamba yule mwenye tanuri la matofali bado analitaka shamba la malisho. Udongo wake ni mfinyanzi safi. Akianza kuchimba, baada ya mwaka litabaki shimo, na shimo halilishi ng'ombe. Lakini pia, alisema Kaka, haliwaui.

Dada yake hakuwa mtu wa kukosa la kujibu. Nyumba nzima ilimwita Meneja, jina alilobandikwa na huyo huyo Kaka siku alipoanza, akiwa na miaka sita, kuwapangia kuku saa ya kulala. Alijifunza kukamua katika shamba lile akiwa amekalia debe la baba yao, na ng'ombe kumi na mmoja waliobaki aliweza kuwatambua kwa kikohozi tu. Siku hiyo, badala ya kubisha, aliomba mwaka mmoja. Kaka akajikuna kichwa, akakubali, kwa sharti kwamba akifa mwingine hata mmoja, mwenye matofali anaitwa kesho yake.

Mshukiwa alijulikana. Lilikuwepo gugu la maua ya zambarau lililoingia miaka mitano nyuma pamoja na nyasi kavu walizonunua wakati wa ukame, na kwa kuwa halikualikwa wala halikuonyesha dalili ya kuaga, familia ililiita Mgeni. Kwamba lina sumu, kila mtu alijua. Kwamba ng'ombe hawaligusi, hilo nalo kila mtu alilijua, maana linanuka kama soksi za wiki nzima, na mnyama akilifikia hupuliza pua na kulizunguka. Tena wao hawakukaa bure. Miaka mitatu sasa, kila mvua zikipungua walichagua Jumamosi moja, wakashika mapanga, wakamfyeka Mgeni mpaka shamba likawa kama kichwa kilichotoka kinyozi. Majirani walisifu. Halafu kabla wiki haijaisha, ng'ombe mmoja anaanguka. Watu walisema ni maji. Wengine, ambao hawakosekani, walisema ni kijicho.

Alasiri ile ile daktari wa mifugo alifika, akampasua ng'ombe pale pale penye uzio, Meneja akishika beseni. Kutoka tumbo kubwa daktari alitoa konzi ya majani meusi yaliyonywea, akayasuuza. Alikuwa Mgeni. Meneja akaanza kubisha kwamba ng'ombe wake hawali uchafu huo, na katikati ya kubisha akainama. Aliokota shina moja, akaokota la pili, akaokota la tatu. Yote yalikuwa yamekatwa mshazari, safi, bila kuchanika. Ng'ombe hakati hivyo. Ng'ombe huzungusha ulimi akavuta, na shina linalotoka mdomoni mwake huwa limenyofoka ovyo.

"Daktari," aliuliza taratibu, "ng'ombe ana panga?"

Daktari alilichukua shina, akaligeuza geuza, akashusha pumzi. Akaeleza kwamba gugu hilo likiwa limesimama linajilinda kwa harufu na uchungu. Likikatwa likalala juani siku mbili tatu, harufu inakwisha, uchungu unapungua, ng'ombe analiona ni nyasi kama nyasi nyingine. Sumu ndiyo haiendi popote.

Meneja alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia. Alilia kwa huzuni na kwa aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi, maana aliyepanga zile Jumamosi, aliyenoa mapanga, aliyewahimiza wavivu, alikuwa yeye. Ng'ombe watatu aliwaua kwa bidii yake mwenyewe.

Kosa lilikuwa na mizizi ndani ya nyumba. Marehemu baba yao alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: kinachofyekwa shambani hakitolewi shambani. Kiachwe kioze, na kesho yake ng'ombe waingizwe wakikanyage kwa kwato kiingie udongoni. Kwa nyasi za kawaida ilikuwa akili nzuri sana. Kwa Mgeni ilikuwa ni kuwapakulia ng'ombe sumu na kuwafungulia mlango. Na sheria ile ilikuwa na mlinzi, Mama, ambaye miaka saba baada ya msiba bado aliokota hata kijiti kilichonaswa kwenye gurudumu la toroli akakirudisha shambani.

Jioni Meneja alimweleza, macho yakiwa sakafuni. Mama aliweka kando maharage aliyokuwa anachambua.

"Baba yako aliiweka ile sheria kwa ajili ya ng'ombe," alisema. "Hakuwaweka ng'ombe kwa ajili ya sheria."

Akainuka, akaingia chumbani, akavuta uvunguni viatu vya mpira vya marehemu na kumsukumia binti yake. Vilikuwa vikubwa kama mitumbwi. Meneja alivijaza matambara, na kesho yake akaanza.

Kwanza walifyagia. Meneja, Mama na Polepole, mkamuaji wao aliyepewa jina hilo bila uonevu wowote, walikusanya kila kilichokatwa. Wakagawa shamba mara mbili kwa waya, upande mmoja ukafungwa, na Polepole akawa anakata nyasi safi kandokando ya mto na kuzileta zizini. Mvua ziliporudi na udongo kulainika, Meneja alivaa glavu akaingia na jembe la meno. Hakufyeka tena. Alichimbua Mgeni mmoja mmoja na mzizi wake wote, kabla hajatoa maua, akamtia guniani, magunia yakaenda kwenye shimo lenye uzio nyuma ya zizi, yakakauka, yakachomwa. Palipobaki upara alipanda nyasi. Majirani walisimama barabarani kuuliza kama siku hizi ng'ombe wanapaliliwa. Kaka aliuliza kama atawatandikia na vitanda. Meneja alijibu kwamba vitanda vipo njiani. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anavaa sketi akiwa amelala, lakini mzizi uliobaki ukichipua aliurudia. Upande wa kwanza ulipokwisha, akahamia wa pili.

Mwaka ukakaribia kwisha. Shamba lilikuwa kijani tupu, limebaki kona moja tu kwenye mtaro, na Jumatatu ng'ombe wangefunguliwa shamba zima. Jumapili asubuhi Meneja alitoka na jembe lake, akakuta Kaka ameegemea panga, shati jeupe limelowa jasho, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema. Ile kona alikuwa ameifyeka yote tangu juzi jioni, kumfanyia dada yake mshtukizo, na leo alikuja kusawazisha. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa baba yake, alikuwa ameyatawanya majani shambani vizuri, huku na huko, yaoze.

Meneja alimwendea akiburuta viatu vya baba. Hakupiga kelele. Alichukua jani moja lililonyauka, akampelekea puani.

"Linanuka?"

"Halinuki."

"Basi ndivyo walivyokufa, Kaka. Tuliwakatia wenyewe."

Kaka alilinusa tena. Meneja alikuwa amemweleza habari hii mara kumi, naye mara zote kumi alikuwa ameitikia tu. Sasa uso ulimbadilika. Akaweka panga chini, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kutokea, akaanza kuokota. Mama alikuja na beseni, Polepole na gunia, wakajipanga mstari kutoka mtaroni hadi lango, wakatambaa. Walipofika mwisho Kaka alisema turudie. Wakarudia, na mara ya tatu alikwenda peke yake, akipapasa kati ya nyasi kwa vidole vyenye glavu za Mama zilizomfika nusu ya kiganja.

Ng'ombe walicheleweshwa siku moja, wakaingia Jumanne. Alhamisi ikapita. Meneja aliwahesabu asubuhi, mchana na jioni, kumi na mmoja, kumi na mmoja, kumi na mmoja. Alhamisi ya pili alihesabu kumi na wawili, kwa sababu mtamba mweusi alikuwa amezaa karibu na mtaro, na ndama alikuwa tayari amesimama, anatikisa mkia. Meneja alicheka peke yake kwa sauti, akaenda kumwamsha Mama.

Adhuhuri mwenye matofali alipita, kaja bila kuitwa, na futi yake mfukoni. Alikuta Kaka amesimama langoni anamtazama ndama. Akauliza lini wapime.

"Hapa hapapimwi," Kaka alisema. "Hapa pana meneja."

Yule bwana alipoondoka, Kaka aliona mche wa Mgeni, mdogo kama kidole, umechomoza kando ya nguzo. Aliinama, akauchimbua taratibu na mzizi wake wote kwa bisibisi ya kazini. Mkono ulitaka kuutupa. Alisita, akaukunja ndani ya kitambaa chake, akautia mfuko wa shati, akautembeza hadi kwenye shimo la moto.