Mizani Ubavuni mwa Mwalimu

"Sikiliza mwenyewe, bwana mdogo," daktari wa mifugo aliniambia, akanivika stetoskopu masikioni na kuibana kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe wetu. Kisha akagonga mbavu kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Ting'.

Mlio safi, wa chuma, kama sarafu ikidondoka ndani ya birika tupu. Niliivua stetoskopu upesi. Haikuwa kwa kuusikia. Ilikuwa kwa kuutambua.

"Tumbo lake la nne limejaa hewa," alimweleza dada yangu. "Alipozaa nafasi ilibaki wazi, nalo likateleza, likapanda huku kushoto. Linaelea kama puto. Chakula hakipiti."

Dada alikuwa amemkumbatia ng'ombe shingoni. Alimlea tangu akiwa ndama yatima, akamwita Mwalimu kwa jinsi alivyokutazama kama umekosa hesabu. Lakini dada alishinda kiwandani akishona sare, na mchana kutwa macho yake kwa Mwalimu yalikuwa mimi.

Siku tano kabla, nilikuwa nakamua, sikio nimelilaza ubavuni. Nina tabia ya kuhesabu mizani za shairi kwa kugonga chochote kilicho karibu, na asubuhi ile nilizigonga kwenye mbavu zake. Zikajibu: ting', ting'. Nilicheka peke yangu. Sijawahi kufundishwa ushairi na mtu, na sasa ng'ombe alikuwa ananipigia ngoma! Nilitoka zizini na beti mbili kamili na ndoo iliyojaa nusu.

"Mbona maziwa kidogo hivi?" dada aliuliza jioni. "Na pumba hajagusa. Kamwite daktari."

"Dada nawe! Anadeka tu. Mzazi yeyote hudeka."

"Wewe ndiye unayeshinda naye. Hujaona kitu?"

"Kingekuwepo ningekiona."

Aliniamini. Hata nikibahatisha, mimi husema kama niliyekula kiapo. Kila jioni aliuliza, na kila jioni nilimjibu vilevile, mpaka jana yake Mwalimu alipokataa hata majani, na dada akaenda kumwita daktari mwenyewe.

"Angeonwa siku ile ya kwanza ningempasua, nikalirudisha tumbo, na leo angekuwa anacheua," daktari alisema akikunja vifaa vyake. "Sasa ini limekwisha. Hapo alipo anasimama kwa kuwastahi nyinyi tu."

Dada alinigeukia. "Hukusikia chochote?"

Ningeweza kukana. Daktari mwenyewe alikuwa amehitaji chombo.

"Nilisikia," nikasema. "Siku ile ile. Nilidhani ananipigia mizani."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliinamia mkoba wake, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Dada, ambaye kiwandani kote alikuwa akijigamba kwamba ana malenga nyumbani, alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyopotea njia ikamfikia yeye.

Mwalimu alilala chini saa saba mchana. Hakuinuka tena.

Majirani walipokwisha kumwondoa, nilimkuta dada akiosha sakafu ya zizi kwa maji na ufagio. Nikaushika ufagio upande wa pili. Hakuuvuta, wala hakuuachia. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Sogea, mdogo wangu," alisema taratibu. "Maji yatakulowesha."

Nikasogea.