Kipimo cha Mikono Yake

Mzee Chumvi hakupewa jina hilo kwa upishi. Alipewa na wenzake wa karakana ya mabasi, alikotumikia miaka thelathini na moja, kwa kuwa hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikatoka na uzito ule ule. Ukimwambia umeona panya, yeye keshamwona panya kavaa ovaroli. Aliwahi kurudisha basi kinyumenyume mlima mzima ili aokote kofia yake, na abiria, anavyosema, walishuka wakiwa vijana kuliko walivyopanda. Ukicheka, anakuapia.

Alipostaafu alianza kuunda gari uani. Alichukua bodi ya gari kuukuu, akaikata paa, akaitia injini ya lori na kuipaka rangi nyekundu ya kuumiza macho. "La mke wangu hili," alimwambia kila mtu. Mkewe, katika ndoa ya miaka arobaini na miwili, alikuwa amekaa kiti cha abiria tu, mkoba magotini, akikanyaga breki isiyokuwepo.

Likabaki jambo moja: nguzo ya usukani, lile bomba lenye shafti ndani, linaloshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye sanduku linalogeuza magurudumu.

"Nguzo hainunuliwi kama kitunguu," alisema. "Inapimwa mwilini mwa dereva, kama koti."

Akamkalisha mkewe kitini, akampa mfuniko wa sufuria aushike kama usukani. Bibi akakunja viwiko, akageuza kushoto, akageuza kulia, akapiga honi kwa mdomo mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee akasimamisha ufito wa mbao kutoka kwenye sanduku hadi kwenye mfuniko, akatia alama ya penseli.

"Kata basi, baba watoto. Mikono yangu hairefuki tena."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na hiyo polepole yako ina nini?"

Kila Jumamosi akaenda yadi ya vyuma chakavu kutafuta nguzo, na kila Jumamosi akarudi mikono mitupu na kisa. Leo kaikuta ya gari la mfalme, lakini ilikuwa inageuka kushoto tu, maana kulia walikaa wakwe wa mfalme. Wiki nyingine kaipata safi kabisa, ng'ombe akaimeza. Mkewe anammiminia chai, anavuta kigoda karibu. "Ehe? Ng'ombe akafanyaje?" Na ng'ombe akifika mahali pa kukata kona bila kugeuza shingo, bibi hoi, ameshika mbavu.

Ukweli ni kwamba nguzo alikuwa nayo. Aliinunua Jumamosi ya nne tu, kwa fundi wa mabasi mtaa wa pili, nzima, beringi zake zikiteleza kama siagi. Aliizungushia blanketi, akaisukuma chini ya kitanda. Alitaka Jumamosi moja zaidi ya kisa, basi. Kisha moja nyingine. Miaka mitatu ikaisha kwa moja-moja hizo.

Halafu mkewe akaanza kupungua.

Asubuhi moja aliomba apelekwe uani. "Nipime tena," alisema. Mzee akambeba, alikuwa mwepesi kuliko tairi. Akamwegemeza kwa mito miwili, akampa mfuniko. Mikono haikufika mbali. Mfuniko ulikaa karibu na kifua, na penseli ikaangukia shubiri nzima juu ya alama ya kwanza.

"Pale pale," Mzee Chumvi alisema. "Hujabadilika hata unywele."

"Uongo huu umesahau kuutia chumvi," mkewe alisema.

Mzee aliapa moyoni kwamba kesho yake angeitoa nguzo na kuikata. Kesho yake walimpeleka mkewe hospitali, na hakurudi.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi binti yao, fundi cherehani, alikuja kumjulia hali. Alimkuta uani, nguzo imebanwa kwenye jiliwa, msumeno mkononi, haukati.

"Imekuwaje, baba?"

"Chuma ukishakikata hakirudi, mama."

"Kata kwa kipimo chako. Si wewe utakayeendesha?"

Mzee aliweka msumeno chini. "Nina neno, na usidhani ni hadithi. Nguzo hii nimekuwa nayo miaka mitatu. Niliificha..."

"Chini ya kitanda. Kwenye blanketi la kijivu."

"Umejuaje?"

"Mama alinionyesha. Kwani nani alikuwa anafagia chini ya kitanda kile, baba? Wewe? Alikuwa anaipangusa vumbi na kuirudisha."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi. "Mbona hakusema?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Nikisema, Jumamosi atakwenda wapi? Na mimi nitasikiliza nini?'"

"Lakini gari alilitaka."

"Alilitaka sana." Binti hakumficha. "Alivitaka vyote viwili. Aliona muda upo."

Baba mtu alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni. Binti aliokota ufito, akapitisha kidole kwenye alama ya chini, kisha ya juu. Magauni ya mama yake aliyapunguza mara tatu mwaka ule wa ugonjwa, hakuhitaji kuelezwa.

"Hii ya juu ndiyo ya mwisho?"

"Nilimdanganya kwamba ni ile ile."

"Basi kata kwa hii. Usimdanganye tena."

Akakata. Binti alishika ncha ya pili isitikisike. Walipoifunga na kukaza nati ya mwisho, Mzee Chumvi alijaribu kuketi nyuma ya usukani. Ukamgota kifuani, akashindwa hata kuvuta pumzi. Akatoka, akazunguka, akaketi kiti cha abiria. Binti, aliyerithi miguu mirefu ya baba, akajibana kwenye kiti cha dereva, akageuza. Magurudumu ya mbele yakachora vumbi kushoto, yakachora kulia. Injini hawakuiwasha.

Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. "Mzee Chumvi! Hatimaye! Hebu tupe, hiyo nguzo umeitoa tumboni mwa nani?"

Binti aligeuka amsikilize baba yake.

"Kwa fundi wa mabasi, mtaa wa pili," alisema Mzee. "Ilikuwa nzima."

Jirani akaweka viwiko juu ya ukuta, akajiweka sawa kusubiri utamu.

"Ehe?" akasema.

Mzee Chumvi alitazama mbele. Binti akageuza tena usukani, polepole, na mguu wa baba yake ukakanyaga sakafu tupu, pale ambapo hapajawahi kuwa na breki.