Wavu Unaong'aa

...na wavu wa kukinga mikono upo, tena unang'aa, hauna hata alama ya kidole, mbona unang'aa hivyo, na injinia pembeni anasema, "Dada, geuza kichwa taratibu, usiogope, hapo uko kiwandani kabisa," kiwandani wapi, amekaa ofisini kwa meneja na miwani mizito imembana pua, lakini ndiyo, mashine ya kukatia bati ni ileile, kisu kinapanda, kinashuka, pacha wa kiwanda aliyeundwa kwa kompyuta ndiye huyu wanayemsifia, amekosa kelele tu, na jasho, na watu... "Wewe ndiye msimamizi wa zamu," sauti ya meneja hiyo, "sema inafanana na kiwanda chetu, tulimalize hili la ajali ya mdogo wako," mdogo wake, wenzake walimwita Mbio kwa wepesi wa mikono, leo yuko nyumbani anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, ukimsaidia anang'aka, na mama kila asubuhi, eti mwanangu alikuwa mzembe kweli?... wavu haukuwepo kisu kilipomkata, meneja mwenyewe aliamuru utolewe, unachelewesha kazi, ukawa unalala nyuma ya mapipa, unarudishwa siku ya wakaguzi tu, sasa, kabla ya ajali, walipoingia wale watu na kamera za kupimia kila kona, nani angejua wanaunda pacha, kiwanda kizima kikadhani ni wakaguzi, haraka haraka, rudisheni wavu, na aliyeubeba nani kama si Mbio, akaufuta kwa shati lake huku anacheka, "Dada, mashine imeoga leo"... Mungu wangu, aliufuta mwenyewe, na sasa wavu huohuo ndio utakaodai kwamba aliuruka kwa kiherehere chake... ananyoosha mkono, wavu unapitika kama moshi, mkono uko chini ya kisu, kisu kinashuka, kinapita, kinapanda, hakuna maumivu, vidole vyote vipo, vyote, na machozi yanajaa ndani ya miwani, atayafutaje... "Dada? Inafanana?" injinia huyo, kazi itaota mbawa, anajua, na mama atakula nini, hofu hii amelala nayo na kuamka nayo, lakini Mbio na kile kifungo cha juu, kidevu kimebana kola, meno yanavuta uzi, hapana, hofu gani tena... kisu kinashuka, mkono wake bado uko palepale, hautoi, "Dada, nakuuliza, inafanana?" mwache aulize tena, kwa sauti, wote ofisini wasikie vizuri anachokikataa.