Gauni Lenye Dirisha

Daktari alimhukumu mama wiki kumi na moja za kulala ubavu wa kushoto. Hakukuwa na rufaa. Mimba mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, na hii, alisema, ingefika salama ikiwa tu mama hatanyanyuka, ila kwenda msalani na, kila Alhamisi, kliniki.

Ili mwelewe uzito wa hukumu hiyo: mama ni mwalimu wa michezo. Katika miaka yangu kumi na sita sijamwona akinywa kikombe cha chai kizima akiwa amekaa. Sasa alikuwa amelala uso umeelekea dirisha, na dirisha limeelekea ukuta wa jirani. Ukuta ule una bomba moja lenye kutu na matofali mia mbili na arobaini. Idadi naijua kwa sababu alinituma niyahesabu upya, kwa uhakiki.

Bibi, mama yake baba, ndiye alikuwa mkuu wa gereza. Alihamia kwetu na cherehani yake, pamoja na imani kwamba mjamzito hatakiwi hata kucheka kwa nguvu. Baba ni fundi wa minara ya simu. Alikuwa juu ya mnara fulani mbali, na kumpata kwa simu ilikuwa bahati. Mimi nilikuwa likizo, yaani nimetoka bwenini, gereza moja, nikahamishiwa jingine.

Mama alijining'inizia shingoni filimbi yake ya kazi. Mlio mmoja, maji. Miwili, msalani. Mitatu, njoo tu, nimechoka kutazama bomba.

Nguo zake zote zilikuwa traksuti, na hakuna hata moja iliyokubali kupita mapajani. Bibi akamshonea gauni kwa kitambaa cha mapazia, pana hivi kwamba mama alisema humo ndani zinaenea timu mbili na refa wao. Akalivaa kliniki. Aliporudi, alilala bila kuvua hata viatu.

"Siendi tena," aliliambia bomba.

"Nani haendi?" Bibi akauliza kutoka mlangoni.

"Mimi, mama. Unalala pale, wanakupandishia gauni mpaka kidevuni, na mlango unafunguliwa kila dakika. Leo ameingia fundi wa taa. Akanisalimia."

"Ukamwitikia?"

"Ningefanyaje? Miguu yote iko nje, angalau adabu ibaki ndani."

Nilicheka peke yangu. Mama aliuficha uso kwenye mto, na filimbi haikulia mpaka jioni. Bibi, ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu, alisimama ukumbini akikunja na kukunjua pindo la nguo yake. Bila kliniki, nani angejua kama mtoto yuko salama?

Sasa nakiri mbele yenu wote kwamba nilichofanya hakikuwa huruma. Kilikuwa utundu. Shuleni nimeadhibiwa kushona mashuka ya bweni mara nyingi mno, hivi kwamba naweza kutoboa na kushona tundu la kifungo nikiwa nimefumba macho. Jumatano mchana, mama akiwa amesinzia, nililianua gauni, nikakata mraba mbele, pale penye tumbo, nikaufunika kwa kitambaa kilekile na vifungo vinne. Upande wa ndani wa kifuniko nikashikiza karatasi: *Mgeni, tafadhali bisha hodi. Mwenye nyumba hajavaa.*

Alhamisi Bibi alimtoa mama kitandani kwa machozi, silaha ambayo hakuwahi kuitumia, akamvika gauni bila hata mmoja wao kulitazama. Kliniki, mimi na Bibi tulikaa kwenye benchi nje ya pazia.

"Pandisha gauni, mama," tulimsikia nesi.

Nilijua mama amelishika pindo kwa mikono miwili.

"Mama, pandisha, wenzako wanangoja. Halafu hivi vifungo ni vya nini?"

Vifungo vikafunguliwa, karatasi ikachakarika. Nilianza kutafuta njia ya kutokea, lakini Bibi alikuwa amenishika mkono. Kisha tukasikia mtu anagonga ubao wa kitanda.

"Hodi humu ndani!"

Mama akacheka. Wiki nzima sikuwa nimekisikia kicheko kile.

"Asicheke kwa nguvu!" Bibi akapaza sauti.

Nesi alipima kila kitu kupitia dirishani. Miguu haikuonwa na mtu. Mama alipotoka, wanawake wa kwenye benchi walilishika gauni, wakafungua vifungo, wakafunga.

"Dada, nani amekushonea?"

Mama alinitazama kwa jicho analomtazamia mkimbiaji aliyepita njia ya mkato. "Ninaye fundi wangu," akasema.

Nyumbani filimbi ililia mara tatu. Niliingia nimeshaandaa msamaha wa kurasa mbili.

"Nyamaza," alisema kabla sijafungua kinywa. "Wanawake tisa wanalitaka. Dirisha lako liko chini mno, na vifungo vikae ubavu wa kulia, visimchome mtu akilala. Lete chaki."

Hivyo ndivyo biashara ilivyofunguliwa, mkurugenzi akiwa amelala. Alichora juu ya godoro kwa mkono wa kulia, mimi nikakata, Bibi akashona sebuleni, maana cherehani ile haiguswi na mwingine.

"Daktari amesema upumzike!" Bibi alilalamika.

"Amesema nilale, mama. Si nimelala?"

"Amelala kuliko kitanda chenyewe," nikamtetea.

Magauni tisa yakawa ishirini. Mama akaacha kuhesabu matofali. Ila kazi ilifanyika nyuma ya ukuta, yeye akiisikia tu, na kusikia kulimtesa. "Anakimbiza! Huo si mshono, hizo ni mbio za mita mia!" Kila siku aliomba abebwe hadi sebuleni japo kidogo. Kila siku tulikataa.

Jumanne moja Bibi alikwenda kununua nyuzi, nami nikapeleka gauni nyumba ya pili. Niliporudi, nikiwa bado nje, nilisikia cherehani inakwenda. Kisha ikanyamaza.

Mama alikuwa sakafuni kando ya cherehani, ubavu wa kushoto, mtiifu hata pale. Filimbi ilikuwa mdomoni na pumzi ya kuipuliza hakuwa nayo.

"Pindo moja tu," alinong'ona. "Nilitaka kumaliza pindo moja."

Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na mtoto hachezi. Bibi akatokea na nyuzi zake, wala hakungoja Alhamisi. Jirani alitupeleka kwa gari lake, mama amelazwa kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja yangu.

Nesi alikuwa yuleyule. Safari hii hakubisha hodi. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akaweka kile kidude kama faneli juu ya tumbo, akainamisha sikio. Mimi nilitazama kifungo cha tatu, nilichokishona kwa uzi wa rangi nyingine kwa uvivu. Niliahidi mambo mengi. Niliahidi kwamba chura hataonekana tena katika ndoo ya matroni. Nesi akahamisha kidude. Akasikiliza. Akahamisha tena.

Halafu, sikio likiwa bado pale, mkono wake ukagonga ubao wa kitanda, taratibu.

"Hodi," alisema. "Yupo. Na mapigo yake ni ya mtu anayekimbia."

"Ya mama yake hayo," Bibi akasema, akaketi chini palepale.

Daktari aliirudisha hukumu na kuiongeza: sasa hata msalani marufuku, beseni litaletwa. Wiki saba zilikuwa zimebaki. Mama aliitikia bila kubishana, akageukia dirisha lake.

Kesho yake asubuhi Bibi aliniita sebuleni. Alishika upande mmoja wa cherehani, nami nikashika wa pili, tukaiingiza chumbani tukikwaruza ukuta wote wa ukumbi. Tukaiweka katikati ya kitanda na dirisha, ikaziba bomba na karibu matofali yote.

Bibi akaketi, akanyoosha kitambaa chini ya sindano, akamtazama mkwewe.

"Haya, mwalimu. Niambie mwendo."

Mama akaweka filimbi mdomoni. Mlio mmoja, mfupi. Bibi akakanyaga pedali.